Mbao zangu zimefika Ulaya, mimi niliyezichora nimenyimwa viza mara ya 2. Kujiajiri ni kosa?

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha.

Jana mchana nimepokea pasipoti yangu kwenye ofisi ya vifurushi hapa mjini Mwanza, Barabara ya Kenyatta. Bahasha niliichana palepale kaunta, nimesimama, kwa sababu nilishindwa kusubiri mpaka nifike nyumbani. Ndani kuna karatasi moja. Hata kuiita barua ni shida, ni fomu iliyochapwa zamani yenye visanduku, na kisanduku kimoja kimetiwa alama: kuna mashaka ya msingi kwamba nitaondoka nchini mwao kabla viza haijaisha. Basi. Hakuna sentensi hata moja inayonihusu mimi. Mara ya kwanza walitia alama kisanduku kingine, kwamba maelezo ya madhumuni ya safari hayaaminiki. Nimetumia miezi mitano kurekebisha kile cha kwanza, nikaja kupigwa na cha pili.

Nchi siitaji na ubalozi siutaji. Nataka tuzungumze jambo lenyewe, maana najua si mimi peke yangu. Wapiga ngoma, wachongaji, wapiga picha, wote wa hapa Kanda ya Ziwa tunaokula kwa mikono yetu tunagonga ukuta uleule.

Mimi ni mchoraji, mwanamke, nina miaka 31, nakaa Igogo na mama yangu. Nachora kwenye mbao za mitumbwi iliyokufa. Mtumbwi ukizeeka pale Mwaloni Kirumba wanauvunja, mbao nzuri zinarudi kwa fundi, zilizochoka zinageuka kuni za kupikia. Mimi nanunua kabla hazijafika jikoni. Kuna mzee mmoja ananiwekea, kila nikifika namwamkia shikamoo, naye anaanza kwa Kisukuma chake cha kuniita mwanangu, "Marahaba ng'wanawane, leo nina ubavu mmoja ulioona Ukerewe mara nyingi kuliko mimi." Ubao wenyewe ukiushika una matundu ya misumari yenye kutu pembeni, na kwenye maungio unakuta pamba iliyosokotwa, ile wanayoshindilia ili maji yasiingie. Hiyo pamba siitoi. Rangi ya zamani nayo siikwangui yote, kwa sababu mara nyingi kuna nusu ya jina la mtumbwi, herufi tatu au nne, na mimi nachora nikizifuata. Nachora wanawake wanaoanika dagaa, wabeba mizigo, watoto wa Igogo, mawe yetu. Nauza kwa hoteli, kwa watu binafsi, kwa wageni wachache. Ni kazi yangu, sina nyingine, na sijawahi kumwomba mtu hela ya kodi ya chumba ninachochorea.

Mwaka jana nyumba moja ya sanaa huko Ulaya ikaniandikia. Wanataka maonyesho ya mbao 9, na wanataka niende wiki 6 nifundishe warsha kwa wanafunzi wao, kwa malipo, mkataba ukasainiwa. Mbao zikatangulia kwa ndege. Na hapo niseme, mbao zilishughulikiwa kwa heshima. Sanduku la kuzibebea lilibidi liwe la mbao zilizopashwa joto kuua wadudu na kugongwa muhuri, likagongwa. Fomu zikajazwa, wakauliza ubao una umri gani, rangi ni ya aina gani, nikajibu, wakaniamini. Zikafika. Mimi hapa bado nipo Igogo.

Sasa nije kwenye dirisha.

Mwanza hakuna pa kutoa alama za vidole, lazima uende Dar. Ni zaidi ya kilomita 1,000. Unapanda basi Nyegezi, unalala njiani, unafika Dar miguu imevimba, unaoga kwa ndugu Mbagala, unapanga foleni. Pasipoti ilikuwa 150,000. Ada ya viza ya muda mfupi ya Schengen, ile viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 tangu Juni 2024, zamani ilikuwa 80, na kwa hela yetu hiyo ni zaidi ya laki mbili. Bima ya safari ni lazima, na iwe ya kufidia angalau euro 30,000. Weka na hela ya huduma ya kile kituo kinachopokea maombi, weka tafsiri za vyeti, nauli, chakula. Ukikataliwa, ada hairudi hata senti. Nimelipa mara mbili. Hesabu yangu yote ni mbao 4 nilizouza, yaani kama miezi mitatu ya maisha yangu.

Dada wa dirishani hakuwa mkorofi, nisimsingizie. Alinisalimia vizuri. Akafungua makaratasi yangu akauliza, "Dada, barua ya mwajiri iko wapi?" Nikamwambia sina mwajiri, najiajiri. Akauliza barua ya likizo. Likizo anipe nani? Akauliza hati za mshahara za miezi mitatu. Nikamwonyesha TIN, usajili wangu wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), barua ya serikali ya mtaa, mkataba wa Ulaya, picha za kazi zangu, barua za hoteli mbili zilizonunua. Akavipokea, lakini aliviweka chini kabisa. Juu akaweka stetimenti ya benki. Nikajua hapo hapo.

Stetimenti yangu nawaeleza ilivyo. Mwezi wa tatu imeingia 2,400,000 kwa siku moja, hoteli ilinilipa kazi ya ukuta. Halafu miezi mitatu vitu vidogo vidogo, elfu thelathini, elfu hamsini. Halafu 900,000. Nyingine nyingi hazipiti benki kabisa, watu wa Mwaloni wanalipa taslimu au kwa simu. Kwa mtu aliyezoea mshahara wa kila tarehe 28, hiyo ni akaunti ya mtu asiye na kazi, na ile 2,400,000 inaonekana ni hela ya kuazima, imewekwa ili akaunti ing'ae.

Lakini ukikaa ziwani unajua hela inavyokuja. Dagaa wanavuliwa giza. Mwezi ukiwa haupo, taa zinawashwa, mitumbwi inaingia, na asubuhi Mwaloni hapapitiki. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi inalala mchangani, wavuvi wanashona nyavu, na mama ntilie anakopesha. Nusu ya Mwanza inaishi hivyo. Mwenye mitumbwi mitano, mwenye nyumba tatu Buzuruga, stetimenti yake ina mashimo kama yangu. Hivyo naye hana kazi? Hivyo naye akienda mahali hatarudi kwenye mitumbwi yake?

Shemeji yangu anakata minofu ya sangara kiwandani, analipwa kidogo kuliko mimi kwa mwaka, na mwenyewe anasema kazi ile anaweza kuiacha kesho. Ila ana karatasi ya mshahara. Kwa karatasi yeye ndiye mwenye mizizi hapa, na mimi mwenye mama ninayemhudumia, chumba cha kazi, wateja na mzee wangu wa mbao, ndiye nayeelea. Hili ndilo linaloniuma. Hawakunikataa kwa sababu nimedanganya. Wamenikataa kwa sababu sina bosi.

Najua wapo watakaosema, omba viza ya kazi, hiyo ya matembezi haikuhusu. Nimelifuatilia hilo kuliko mnavyodhani. Viza ya Schengen ni siku 90 ndani ya siku 180 na yenyewe haikupi haki ya kufanya kazi ya malipo, kila nchi ina sheria yake juu ya hilo, na wenyeji wangu walithibitisha kwa maandishi kwamba warsha zile zinaruhusiwa. Tukaliweka kwenye ombi la pili. Kuhusu viza za kazi zenyewe, tazameni zilivyo, na niseme wazi kwamba nchi iliyonialika haimo katika hizi. Uingereza ina viza ya wafanyakazi wa ubunifu, lakini lazima upate cheti kutoka kwa mdhamini mwenye leseni kule kwao. Marekani ina ile ya O-1 ya wenye kipaji cha pekee, lakini msanii haruhusiwi kujiombea, lazima aombewe na mwajiri au wakala wa Marekani. Ujerumani angalau sheria yao, kifungu cha 21, inamtambua msanii anayejitegemea kabisa bila bosi. Nilifurahi nilipoisoma. Kisha ukiendelea unakuta Mmarekani, Mkanada, Mjapani au Mwaustralia anaruhusiwa kuingia kwanza bila viza, akakaa, akatafuta wateja, akaombea kibali hukohuko. Mtanzania lazima apate viza akiwa huku, na miongoni mwa vitu vya kuonyesha ni barua za wateja wa kule wanaokusudia kumpa kazi. Wateja hao nitawapataje nikiwa Igogo? Nimepata mmoja kwa bahati, baada ya miaka 8 ya kuchora, na huyo mmoja ndiye ninayempoteza sasa.

Mlango ulioachwa wazi ni wa vishoka. Baada ya kukataliwa mara ya kwanza nilipigiwa simu na mtu nisiyemjua, sijui namba yangu aliitoa wapi. Akaniambia, "Dada, wewe umeenda kavu. Laki nane tu, nakupikia stetimenti ya miezi sita, nakupa na barua ya kampuni, wewe ni afisa masoko, una likizo ya siku 42." Alikuwa anaongea kwa utulivu kama mtu anayeuza vitenge. Nilikata simu. Na nawaomba mnaotaka kuniandikia kwamba nilikuwa mshamba, msijisumbue. Karatasi ya kughushi ikigundulika unabaki na doa kwenye mfumo wao, na mimi nina jina langu kwenye mbao 9 ukutani kwa watu. Ila mjue kwamba utaratibu huu unampa afisa masoko wa uongo nafasi kubwa kuliko mchoraji wa kweli. Mtu akifikishwa hapo mara mbili, mara tatu, wangapi watakata simu?

Na jambo la vidole. Alama za vidole zikishachukuliwa kwa viza ya Schengen zinaweza kutumika tena ndani ya miezi 59. Zangu zilikuwa mle tayari. Lakini ombi la pili nikaambiwa nilete mwenyewe, nikapanda basi tena, nikakaa dirishani dakika 12, hakuna aliyenigusa kidole, nikarudi stendi. Kilomita zaidi ya 2,000 kwenda na kurudi kwa dakika 12. Watu wa Mwanza, Bukoba, Musoma na Kigoma wote wanapita humo. Hivi hao wanaopokea maombi wakija Mwanza siku mbili tu kila baada ya miezi mitatu, watapungukiwa nini? Ada zetu wanazichukua.

Huku kwetu nako nilikwenda ofisi moja inayohusika na mambo ya wasanii kuomba barua ya kunitambulisha, mistari mitano tu, kwamba huyu tunamjua, kazi yake ni hii. Njoo Jumatatu. Njoo Jumatatu. Mkubwa yuko semina. Ombi la pili likaenda bila hiyo barua. Mwanariadha akialikwa nje, anakwenda na barua za chama chake. Sisi tunakwenda peke yetu na mafaili ya plastiki.

Nyongeza, saa 3 usiku: Kuna mdau ameuliza maonyesho yaliishaje. Yalifunguliwa. Walinitumia picha, watu wengi, ubao wangu mkubwa uko katikati na taa imeelekezwa pale kwenye pamba ya maungio, mtu mmoja ameinama anaiangalia kwa karibu. Nilimwonyesha mama, akauliza, "Na wewe uko wapi hapo?" Warsha walimpa msanii mwingine wa nchi isiyohitaji viza. Simlaumu, naye anatafuta. Lakini hajui kwa nini pamba iko pale, na wanafunzi wamemuuliza hilo, mwenyeji wangu mwenyewe ameniandikia nimtumie jibu kwa meseji.

Sasa niambieni mnaojua. Nyuma ya ile fomu wameandika kwamba nina haki ya kukata rufaa, na kweli kanuni ya viza ya Ulaya inatoa haki hiyo. Nimebakiwa na siku 11, na inabidi iandikwe kwa lugha yao. Nani hapa amewahi kukata rufaa akiwa mkoani, bila wakili? Na nani amepita akiwa amejiajiri, mwenye hela inayoingia kwa giza na mbalamwezi kama yangu? Uliweka karatasi gani juu ya stetimenti? Leteni hapahapa uzini, wengine nao wasome. Wale wa inbox mnaouza stetimenti nimeshawaona watatu tangu jioni, na namba zenu nawapa wasimamizi.