Mrejesho: ile HCl ya kiwanda cha PVC haimwagwi
Wakuu, wiki iliyopita niliuliza: wakitengeneza vinili kloraidi, malighafi ya mabomba ya PVC, gesi ya HCl (hidrojeni kloraidi) inayotoka inakwenda wapi? Asanteni sana mlionielekeza. Nimekaa na daftari, nimepiga hesabu mwenyewe.

Inarudishwa kazini. Dikloroethani, kimiminika kinachozaa vinili kloraidi, ikipashwa moto wa karibu nyuzi 500, kila molekuli inatoa vinili kloraidi moja na HCl moja. HCl hiyo inakutanishwa na gesi ya ethilini na oksijeni kwenye kichocheo cha kloraidi ya shaba, inapatikana dikloroethani tena, pamoja na maji. Ila zinahitajika HCl mbili kupata dikloroethani moja! Hapo ndipo nilipokuwa nakwama. Kwa hiyo HCl inayorudi inatosha nusu tu ya dikloroethani; nusu nyingine inatoka kwenye klorini na ethilini moja kwa moja.

Bado mabaki mazito yenye klorini yananipa wasiwasi: yakichomwa ovyo, yanatoa dioksini, yaani sumu kali.