Picha ya kiofisi kwa akili mnemba: wahasibu mnafanyaje hadi ibaki sura yenu?

LejaNaKalamu

Wakuu habari za jioni. Nipo Mwanza, ofisi ndogo ya uhasibu na ukaguzi hapa mjini kati. Bosi kaamua tovuti ya ofisi ifufuliwe, kila mfanyakazi awe na picha moja ya heshima, na hiyohiyo iingie kwenye wasifu tunaoambatanisha na zabuni, na LinkedIn pia. Wazo zuri, ila kalileta mwezi wa sita, ritani za wateja zimetufika shingoni, wenzetu wawili wako Geita na mmoja yuko Nansio, Ukerewe. Mpiga picha aliyetupa bei alitaka tuwe wote sehemu moja siku moja, haiwezekani. Agizo likawa: kila mtu atumie akili mnemba, picha zitoke zinafanana, basi.

Nikapakia selfi kama programu ilivyotaka: za ndani, za nje, nimecheka, nimenuna. Zikarudi picha rundo zima. Kwa mbali ni nzuri, siwezi kuzisingizia. Dada kakaa, suti ya buluu iliyoiva, nyuma yake dirisha, na nje ya dirisha maghorofa ya vioo hadi mawinguni. Mwanza hii? Mimi nikichungulia dirisha la ofisini naona mwamba, shuka zimeanikwa juu ya mwamba, na kipande cha ziwa.

Tuyaache maghorofa. Nikaikuza. Mimi nina mwanya, mwanya hasa, ule ambao shangazi zangu wa Magu wanausifia kwenye kila harusi. Programu imeuziba! Meno yamejipanga kama vigae vya bafuni. Ngozi imepaushwa, lakini mikono imebaki na rangi yangu, kwa hiyo kichwa cha mtu mmoja na mikono ya mwingine. Nilikuwa nimesuka mistari midogo ya kurudi nyuma. Juu ya sikio la kushoto miwili imeyeyuka ikawa mmoja. Hereni ya huku ni kidoti, ya kule inaning'inia. Na mezani wameniwekea kikokotoo ambacho vitufe vyake havisomeki, pembeni karatasi ya hesabu ambayo safu ya mwisho si namba wala si herufi. Mimi ni mkaguzi jamani. Nitasimamaje mbele ya mteja na mizania ya namna hiyo?

Nilimtumia mama WhatsApp bila maelezo. Akajibu: "Huyu ni nani? Kama anafanana na wale wa kwa baba yako mdogo."

Sasa naomba kujua. Kuna aliyewahi kupata picha ambayo bado ni yeye? Na kimaadili, kwa sisi tuliosajiliwa NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, hili limekaaje? Sitaki kuanza kubishana na bosi bila hoja.

PichaKirumba

Dada pole. Mimi ni mpiga picha, studio iko Kirumba: paspoti, send-off, mahafali. Watu wanadhani nazichukia hizi programu. Wapi, zinaniletea kazi. Wateja wanakuja na picha zilizotoka huko niwarudishie sura zao.

Programu uliyotumia ni ile inayojifunza sura kutoka kwenye selfi halafu inakuchora upya. Njia hiyo ilishika kasi baada ya watafiti wa Google kutoa DreamBooth mwaka 2022. Pale hakuna hata kipande cha picha yako halisi kinachobaki, kuanzia kope hadi ukosi. Isipokuwa na uhakika inajazia kile ilichokiona mara nyingi kwenye mamilioni ya picha ilizofundishiwa, na humo "mtu wa ofisini" kwa kawaida si mtu wa Magu mwenye mwanya. Hujaonewa peke yako. Mwaka 2023 mwanafunzi mmoja wa chuo cha MIT kule Marekani, Rona Wang, mwenye asili ya Asia, aliomba programu ifanye picha yake iwe ya kikazi, ikamrudishia Mzungu mwenye macho ya buluu.

Tumia aina ya pili: unaipa picha moja nzuri ya kweli, unaiambia ibadilishe mandhari tu, na nguo ikibidi. Chagua yenye brashi ya kupaka eneo la kubadilisha. Paka nyuma yako, paka nguo, ishia kwenye ukosi. Uso, masikio na nywele usiviguse.

Kazi kubwa basi inabaki kwenye hiyo picha moja, na hapo ndipo wengi mnaharibu. Selfi ya kunyoosha mkono inavimbisha pua na kuficha masikio kwa sababu kamera iko karibu mno. Mpe mwenzako simu, atumie kamera ya nyuma, asimame kama mita mbili, akuze kidogo, simu iwe usawa wa macho yako. Kabla ya yote aingie kwenye mipangilio azime kulainisha ngozi; simu nyingi hapa mjini zinatoka dukani hiyo kitu imeshawashwa, unakuta mtu kapaushwa kabla hata akili mnemba haijamgusa.

Mwanga: saa tatu asubuhi, simama ndani ya mlango, kwenye kivuli, uso uelekee nje. Usitoke juani. Jua la mchana hapa linatoka juu na lingine linarudi kutoka kwenye maji na miamba, macho yanakuwa mashimo na paji linameta. Kama una shuka jeupe, mtu alishike chini ya kifua chako, litainua mwanga kwenye kidevu. Na vaa koti lako mwenyewe hata kama ni la zamani. Suti ya kuchorwa ndiyo inayoharibu shingo, na mara nyingi inakuvalisha sufu nzito ya baridi kali utadhani unakwenda Ulaya.

Wa Geita na wa Nansio wafanye hivyohivyo, saa ileile, umbali uleule. Mandhari aweke mtu mmoja kwa wote, kijivu kitupu. Hiyo ndiyo itakayofanya zifanane. Msiweke ofisi nyuma, msiweke meza. Maelekezo yawe mafupi: badilisha mandhari iwe kijivu, usiguse uso, rangi ya ngozi, meno wala nywele. Ikitoka, iweke kando ya ile ya mwanzo, kuza, kagua meno, hereni, na pale nywele zinapoanzia. Halafu linganisha rangi ya uso na ya shingo.

DagaaMkavu

Mwanya umezibwa 😂😂 Hiyo hasara iandikwe kwenye vitabu vya mwaka huu huu, msiihamishie mwaka kesho.

MzeeWaHesabu

Binti, mimi nimestaafu lakini hili nilijibu. Kanuni za maadili za IESBA, bodi ya kimataifa ya maadili ya wahasibu, ambazo kila mhasibu aliyesajiliwa anazisoma, zina misingi mitano, na wa kwanza ni uadilifu: usijihusishe, huku unajua, na taarifa inayopotosha. Mandhari ya kijivu haimpotoshi mtu. Hata koti silioni kuwa tatizo. Uso ambao si wako, ukiwa kwenye wasifu uliomo ndani ya zabuni, hapo mimi nasita, maana wasifu ule unasema "huyu ndiye atakayekuja kufanya kazi".

Nakupa mfano wa kazini. Tulikuwa tunakwenda kuhesabu stoku kwenye maghala ya samaki alfajiri. Mteja alikuwa ameomba majina na picha za timu kabla, na mlinzi getini anashika karatasi, anatazama picha, anakutazama wewe. Hana muda wa kusikia habari za programu. Kijana wetu mmoja alikuwa amenyoa ndevu tu, akazuiwa mpaka meneja akapigiwa simu.

Jambo la pili, chunguza ukuta wa nyuma. Nimeonyeshwa picha ya namna hii ambayo programu ilikuwa imetundika cheti chenye muhuri. Kama bado hujapata CPA, yaani sifa kamili ya uhasibu, cheti hicho kitakuletea maswali mazito kuliko mwanya.

Bosi mpelekee hoja ya zabuni. Hiyo ataisikia haraka.

Seva_ya_Nyegezi

Naongeza la upande wangu, nafanya mifumo. Hizo selfi ulizopakia, ulipigia wapi? Kama ni ofisini, angalia nyuma: skrini imewashwa? Faili la mteja liko mezani? Jina la mteja na jumla ya mauzo yake vikiingia kwenye seva za watu nje ya nchi umeshavunja usiri, na usiri nao ni mmoja kati ya ile mitano ya mzee hapo juu.

Pili, asije mtu akakusanya picha za wenzake wote akazipakia yeye. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na uso wa mtu ni taarifa yake. Kila mmoja akubali mwenyewe, ikiwezekana kwa maandishi. Soma pia kama programu inafuta picha baada ya kazi au inazihifadhi kujifunzia. Ikiwa haisemi, tafuta nyingine.

Halafu jua hili: tangu 2024 LinkedIn inaonyesha alama ndogo ya "CR" kwenye picha ambazo faili lake linabeba taarifa za asili yake. Mtu akiibonyeza anaweza kuona kwamba akili mnemba ilitumika. Ukibadilisha mandhari tu huna cha kuficha.

LejaNaKalamu

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Selfi mbili nilipigia ofisini kweli, na kwenye moja leja ya mteja iko wazi begani kwangu. Nimefuta akaunti yote.

Leo asubuhi dada wa mapokezi kanipiga pale mlangoni kama PichaKirumba alivyosema, shuka kashika mlinzi, kacheka mpaka shuka likatikisika. Koti langu la mahafali ya chuo, SAUT. Nikabadilisha mandhari peke yake. Mwanya upo, mistari yote ipo, na kovu dogo la nyusi nililolipata utotoni lipo. Mama kajibu neno moja: "Umekonda."

Bosi kaelewa, ila si kwa sababu ya maadili. Nilimwonyesha picha yake mwenyewe iliyotoka kwenye ile programu ya kwanza: imemrudisha umri wa kijana wa field, kapewa na tai ya mistari. Kasema hiyo atabaki nayo nyumbani.

Limebaki moja. Mwenzetu wa Nansio ana kipara, na kila tukibadilisha mandhari programu inamwotesha nywele fupi juu. Anasema yeye hana pingamizi. Sisi tunalo.

PichaKirumba

Kipara kinameta, programu inashindwa kujua kichwa kinaishia wapi na mandhari inaanzia wapi. Apanguse jasho, apake poda kidogo, apigwe kivulini, nyuma yake kuwe na ukuta wa rangi tofauti na ngozi yake, si mbingu. Brashi isipite juu ya kichwa, aache nafasi ya kidole. Ikikataa tena nitumieni ya mwanzo, mandhari nitaikata kwa mkono. Nywele asahau.