IPA ya ukungu: inanukia matunda kibao, ila mbona inakwangua koo?

laga_damu:
Wakuu heshima kwenu. Mi ni mtu wa laga siku zote, IPA (zile bia za India Pale Ale) nilikuwa nazikwepa kwa ajili ya ule uchungu. Sasa juzi jamaa kanipa kopo la hizi IPA za ukungu za krafti, za viwanda vidogo vya kisasa, nikaimimina kwenye glasi nikabaki naitazama, njano iliyopauka halafu nzito, huoni upande wa pili. Kunusa tu ni embe, pasheni, ganda la chungwa, nikajua wameshindilia juisi humu. Mdomoni laini kabisa, uchungu wa kuogopesha hamna, ila ukishameza kuna kitu kinabaki huku nyuma ya koo, kinachomachoma hivi na kukwangua, na hakiondoki haraka. Sasa hayo matunda yamewekwa kweli? Na hiyo ishu ya koo ndo bia imeharibika au? Kopo linasoma 6.8%.

kimea_na_maji:
Karibu mkuu. Kama kopo halijataja tunda basi hamna tunda humo, yote hayo ni hopsi, yale maua ya mmea yanayoipa bia uchungu na harufu. Aina kama Citra, Mosaic, au Galaxy ya Australia mafuta yake yananukia hivyo yenyewe, ila ujanja upo kwenye muda wa kuziweka. Ukizichemsha muda mrefu asidi zake zinageuka kuwa uchungu na harufu yote inapaa na mvuke, kwa hiyo hawa jamaa mwanzoni wanaweka kiduchu tu au hawaweki kabisa, mzigo mkubwa wanaumwaga moto ukishazimwa, halafu wanarudia tena kwenye tangi bia ikiwa inachachuka au imeshamaliza kuchachuka. Na hamira nayo ina mkono wake, kuna kitu kwenye hopsi kinaitwa jeranioli kinanukia waridi, hamira inageuza sehemu yake kuwa sitroneloli ambayo inavutia zaidi kwenye ndimu. Ndo maana kuweka hopsi mapema kwenye tangi na kuziweka mwishoni hakutoi harufu ileile.

Ule ukungu ni protini za oti na ngano zikishikana na polifenoli za hopsi (vile vitu vinavyokaza mdomo kama chai kali), sio uchafu wala sio lazima iwe hamira kama watu wanavyodhani. Na ulaini unachangiwa na maji pia, kwenye chumvi za maji wanaongeza kloraidi kuliko salfeti, maana salfeti inaukaza uchungu.

Mama_Mapovu:
Hapo kwenye koo ndo nataka niongee. Haijaharibika ndugu yangu, hayo ni mabaki ya hopsi yaliyobaki yanaelea, hizi bia zinamwagiwa hopsi nyingi mno na zikitoka kiwandani mapema yale machembe hayajapata muda wa kutuama, sasa polifenoli zake ndo zinakukamata koo. Liache kopo wima kwenye friji siku kadhaa, usilitikise, ukifungua mimina pole pole na tone la mwisho liache humo humo. Kuna watu wanaligeuza kopo juu chini kabla ya kufungua eti ukungu uchanganyike, mimi siafiki hata kidogo, ukungu halisi haujitengi kwa siku mbili tatu, ukiona inabidi utikise ujue unachokoroga ni mashapo.

Iliyoharibika utaitambua tu, hizi zinachukia oksijeni kuliko bia zote ninazozijua. Rangi inaanza kuelekea kahawia au kijivu, embe linapotea, inabaki utamu utamu wa asali na harufu ya boksi lililolowa. Ukiona hivyo mwaga.

chungu_ndo_dili:
Nitapigwa mawe ila IPA bila uchungu ni soda ya wakubwa 😂 nyie kunyweni juisi zenu

kimea_na_maji:
@chungu_ndo_dili ulikuwa na hoja zamani, sasa hivi umechelewa. Brewers Association, chama cha watengeneza bia cha Marekani, waliziingiza hizi IPA za ukungu kwenye orodha yao rasmi ya mitindo mwaka 2018, na kwa BJCP, wale wanaosimamia majaji wa bia, uchungu wake ni IBU (kipimo cha uchungu) 25 hadi 60, IPA ya kawaida ya Kimarekani ni 40 hadi 70, kwa hiyo uchungu upo, umefunikwa tu. Mambo yenyewe yalianzia Vermont, Marekani, kwa kiwanda cha The Alchemist na bia yao ya Heady Topper. Walipoanza kuitia kwenye makopo 2011 wakaandika pale juu unywe humo humo kwenye kopo. Nawaheshimu sana ila hapo sikubaliani nao, unakunywaje bia ya harufu kupitia katundu?

laga_damu:
Asanteni sana, kumbe ndo hivyo. Limebaki kopo moja nimeshalisimamisha. Je niinywe ya baridi kabisa kama laga?

Mama_Mapovu:
Hapana, baridi kali inaua harufu yote. Itoe kwenye friji uiache kidogo, digrii 7 mpaka 10 hivi inatosha, na chukua glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba, usiijaze mpaka juu ili pua ipate nafasi. Halafu usikae nalo hilo kopo kwa miezi, angalia tarehe ya kufungashwa kwenye kitako. Kutulia siku kadhaa sawa, ila hii sio bia ya kutunza, na usiitoe nje ya friji ukairudisha.

chungu_ndo_dili:
Ukiichoka nitumie mimi nitaisindikiza na kitu kichungu