Kikundi cha familia: vidonge vya mishipa

Mama Nasra: Asalaam aleikum wapendwa. Nani anaijua hii? [picha] Nimeuziwa Kariakoo 45,000. Muuzaji kasema mishipa ya miguuni itayeyuka ndani ya mwezi 🙏

Baraka: Itayeyuka kama samli? 😂

Mama Nasra: Cheka tu. Simama gengeni siku nzima uone miguu inavyokuwa magharibi.

Salma famasi: Shikamoo mama mdogo. Nimeikuza picha, imeandikwa Aescin 50 mg. Inatoka kwenye mbegu za mti wa Ulaya, Aesculus hippocastanum. Si utapeli, imepimwa: maumivu na uvimbe vinapungua ukimeza mara 2 kwa siku, wiki kadhaa. Ila mshipa uliokwishajitokeza haurudi. Mle ndani kuna vilango vya kuzuia damu isishuke. Vikishalegea, kidonge hakivirudishi.

Mama Nasra: Marahaba. Kwa hiyo nimepigwa?

Salma famasi: Nusu 😅 Meza, ila vaa na soksi za kubana, ukikaa inua miguu. Mwenye dawa za kuzuia damu kuganda asiguse bila daktari.

Ba'mkubwa Hamisi: Mbegu zenyewe zinauzwa wapi? Nisage mwenyewe.

Salma famasi: Usithubutu! Mbichi ni sumu. Kiwandani wanaiondoa kwanza.

Ba'mkubwa Hamisi: Na majani ya mzabibu? Dodoma yamejaa.

Salma famasi: Ya mzabibu mwekundu, ndiyo, Ulaya wanayatengenezea vidonge. Ya kuchemsha sufuriani hujui umekunywa kiasi gani.

Ba'mkubwa Hamisi: Haya, famasi imesema.

Shangazi Tatu: Niwekeeni na mie hivyo vidonge. Toka nirudi Bukoba mguu wa kushoto umevimba, kigimbi kinauma.

Salma famasi: Shikamoo shangazi. Mmoja tu? Una joto?

Shangazi Tatu: Marahaba. Mmoja. Wa moto kidogo. Si lile basi, nimekaa mpaka nikaota mizizi.

Salma famasi: Shangazi, hiyo si ya vidonge. Huenda damu imeganda ndani, na kipande kikichomoka kikaingia mapafuni ni hatari. Nenda hospitali sasa hivi. Usiukande.

Shangazi Tatu: Nimeshaukanda asubuhi na mafuta ya nazi.

Salma famasi: Usirudie. Unahema vizuri? Kifua hakibani?

Shangazi Tatu: Nahema.

Baraka: Niko Rangi Tatu, nakuja na bajaji. Dakika 10.

Mama Nasra: Wifi, kadi ya bima!

Shangazi Tatu: Subirini basi, nina maharage jikoni.

Baraka: SHANGAZI ZIMA JIKO