Plunja ya pampu imegeuzwa kikombe cha chai: yule bwana wa forodhani atatumaliza

Wakuu, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira. Jina silitaji, kwa sababu kila aliyewahi kupitisha hata boksi la misumari hapa Kigoma anamjua: ni yule ambaye miwani yake huishi kwenye paji la uso na hushuka machoni pale tu anapotaka kukuongezea ushuru.

Nimeagiza plunja za seramiki, yaani ile mirija inayokwenda mbele na nyuma ndani ya pampu, za pampu za shinikizo kubwa zinazosukuma maji ya chumvi, ambako chuma huliwa na kutu ukiwa unakitazama. Zimetengenezwa kwa alumina, seramiki ngumu sana, ambayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs hufikia 9, na almasi ni 10. Wakala wangu alizitamka kwenye kifungu 69.09 cha orodha ya ushuru wa forodha, cha bidhaa za seramiki za maabara, kemia na matumizi mengine ya kiufundi, ambacho ndani yake kuna 6909.12 kwa vitu vyenye ugumu huohuo wa 9 au zaidi. Yule bwana akachukua moja, akaigeuzageuza, akachomeka kalamu yake ndani, kisha akatangaza mbele ya umati: "Hiki ni kikombe, mkono wake ndio umevunjika."

Kikombe! Kimetoboka juu na chini! Nilimwomba amimine chai humo tuone suruali ya nani itabaki kavu. Hakucheka, aliandika 69.11, vyombo vya mezani vya kaure, na ushuru ukapaa hadi wakala wangu akatafuta pa kukaa. Na kalamu, wakuu, aliiacha humohumo kama ua kwenye chombo cha maua.

Mwana wa Ujiji: Pole sana, ndugu yangu, ila shukuru kwamba hakukuuliza visahani viko wapi.

Wakala Mstaafu: Kaka, wakala wako alitamka vizuri. Wengi hukimbilia 84.13 kwa kuwa ni vipuri vya pampu, wakati maelezo ya kisheria yaliyo mwanzoni mwa Sura ya 84 yanaziondoa sehemu za mashine zilizo za seramiki na kuzirudisha Sura ya 69. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inakupa siku 30 za kuomba uamuzi huo upitiwe upya. Andika barua, uambatanishe mchoro wa kiwandani na cheti cha malighafi.

Mleta uzi: Barua nitaandika, mzee wangu, lakini alichomeka kalamu! Ndani ya plunja! Mbele ya watu!

Mama Katubuka: Tumesikia habari ya kalamu. Sisi tunaoagiza vigae tunalia tangu Julai 2022, ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa bidhaa za kutoka nje ulipowekewa daraja la asilimia 35 na bidhaa za seramiki zikatajwa humo, na hakuna aliyetufungulia uzi.

Nyuki wa Tabora: Huyo wenu ana nafuu. Wa kwetu aliyakuta matofali yangu ya tanuri, yanayostahimili moto na yenye kifungu chake cha 69.02, akayaita matofali ya ujenzi ya 69.04, kisha akaniuliza kwa upole ninajenga nyumba ya vyumba vingapi.

Mwana wa Ujiji: Ulimjibu vingapi?

Nyuki wa Tabora: Nilimwambia ni chumba kimoja, nacho kinafika nyuzi zaidi ya 1,000, akitaka kupanga anakaribishwa. Mzigo ulichelewa zaidi kwa sababu ya jibu hilo.

Mleta uzi: Jamani, tunazungumzia plunja zangu.

Mama Katubuka: Ndugu wa Tabora, hayo matofali yalibaki? Nina tanuri la mikate ambalo sakafu yake imepasuka, nami ya ujenzi nimeshayajaribu, yanavunjika vipande yakipata moto.

Nyuki wa Tabora: Yamebaki machache, mama. Treni ya kuja huko nitakuulizia gharama ya mzigo.