Majumba ya sinema ya zamani Tanga, ndo basi tena?

Chumbageni_Damu
Wakuu habari za leo. Mi mzaliwa wa Tanga ila kazi imenipeleka mbali, juzi nimerudi nikapita mjini kuangalia yale majengo ya sinema ya zamani roho ikaniuma kwa kweli. Mji wetu ulikuwa na Majestic, Regal na Novelty. Naomba kujua kwa wenye uelewa, nini hasa kiliua sinema zetu, ni video au kuna kingine? Na haya majengo hayalindwi na sheria ya mambo ya kale? Maana kila nikiuliza naambiwa kiwanja kile kingefaa ghorofa.

MzeeWaNgamiani
Mwanangu, video ilikuja kumalizia tu. 1968 ikaundwa Tanzania Film Company, kampuni ya serikali ya mambo ya filamu, mwenye sinema akawa hachagui tena mwenyewe picha za kuleta. 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakataifishwa, yakaenda kwa Msajili wa Majumba wa serikali, sasa nani atapaka rangi jengo ambalo si lake tena? Na mkonge nao bei ikaporomoka, mji ukakosa hela.

Mi nilikuwa chumba cha mashine. Rili moja ya filamu inakwenda kama dakika 20 kwa hiyo mashine zilikuwa mbili, unakodolea kona ya juu ya pazia, kidoti kikitokea mara ya kwanza unawasha mota ya mashine ya pili, kikitokea tena unahamisha, na mtu aliyekaa chini hajui kama kuna kitu kimefanyika. Taa zenyewe zilikuwa za vijiti vya kaboni kutoka nje. Miaka ya 80 fedha za kigeni hamna, tukawa tunaunga vipande, picha inafifia katikati ya mapigano, watu wanapiga mayowe. Picha mpya haziji, ile ile inarudiwa mpaka watoto wanaijua neno kwa neno. ITV ilipoanza 1994 sinema zilikuwa hoi kitambo.

wakili_msomi
Hilo la sheria, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Sinema ya miaka ya 50 haimo labda waziri mwenye dhamana alitangaze jengo lenyewe kuwa linalindwa, na waziri hatangazi kitu ambacho hakuna aliyekipeleka mezani. Kwa hiyo ndugu zangu tusijidanganye kwamba lipo tu litalindwa.

bint_raskazone
Shikamoo mzee, umenikumbusha marehemu mama, alikuwa anasimulia shoo za wanawake za mchana mpaka usingizi unakuchukua.

Angalieni wenzetu. Drive-in ya Msasani pale Dar, ile sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari, hamna hata ukuta, ni ubalozi wa Marekani. Empire ya Unguja ni supamaketi, wengi wanalalamika ila mi naona afadhali, kuta zipo na paa linatunzwa. Majestic ya Unguja iliyojengwa 1955 baada ya ile ya mwanzo kuungua, paa lilianguka na sasa kuna watu wanapigania kuirudisha, na gharama si ya kitoto. Jengo linauliwa na kufungwa, likikosa mtu wa kuziba bati moja linalovuja mvua za masika mbili tatu zinamaliza kazi. Ukumbi wa harusi, kanisa, ghala, chochote kile, ilimradi lina mtu ndani.

kijana_makorora
Sawa dada ila mwenye jengo nae ana haki zake, huwezi kumlazimisha alee jengo halimuingizii kitu. Halmashauri impunguzie kodi basi.

bint_raskazone
Hapo nakubali kabisa, kodi ipungue kwa sharti asiguse uso wa jengo na ukumbi ubaki mzima.

Chumbageni_Damu
Asanteni sana. Shikamoo mzee. Wakili, barua ya kumuomba waziri alitangaze jengo inapitia wapi, tunaanzia ofisi ya utamaduni ya jiji au tunapeleka moja kwa moja Idara ya Mambo ya Kale? Na mwenye picha za ndani za Regal au Novelty enzi zile aziweke hapa, tutazihitaji kuambatanisha. Mzee naomba nikufuate wiki ijayo nirekodi maelezo yako yote ya chumba cha mashine.

MzeeWaNgamiani
Marahaba. Njoo baada ya Alasiri.