Nataka kuongeza vichekesho na wimbo kwenye shoo yangu ya baleski, naombeni ushauri

Manyoya_ya_Mbuni (Malindi)
Hamjambo wenzangu. Nacheza baleski Jumamosi usiku kwenye hoteli moja huku Casuarina. Kwa wasioijua: ni mchezo wa madaha. Unaingia umejipamba, upepeo wa manyoya mkononi, glavu hadi juu ya kiwiko, unapunguza vazi polepole hadi libaki lile la kubana lenye vimetameta. Utamu wake ni kuwangojesha watu.

Miaka mitatu nacheza kimya. Sasa nataka kusema na kuimba. Juzi nilijaribu: nikacheza dakika nne, kisha nikashika maiki. Pumzi hakuna! Sauti ikakatika ubeti wa kwanza, na kichekesho changu cha Kiswahili meza za Waitaliano hazikukielewa. Nililia nilipofika chumbani. Naipenda kazi hii, nataka ikue. Nianzie wapi? Na je, maneno hayataua madaha?

Fundi_Spika
Pole dada. Umepanga kinyume. Imba kwanza, umekaa kwenye stuli au umesimama, halafu sauti yako inyamaze, muziki uendelee peke yake, hapo ndipo ucheze. Ukitaka kusema tena katikati, weka kwanza jambo la polepole, kama kuvua glavu, moyo utulie. Kii ya wimbo nayo, yaani kimo cha sauti unachoimbia, mwambie mpigaji aishushe kidogo. Ukiwa umechoka, sauti ya juu ndiyo inayokukimbia mwanzo.

Tumia maiki ya kichwani. Kisanduku chake kifunge kwenye vazi la mwisho kabisa, la ndani, na waya upite mgongoni chini ya kila unachovua. Nimeona waya ukinaswa na shanga, shoo ikasimama.

Mstahamilivu
Mimi napenda ya kimya. Jicho halihitaji mkalimani.

Shangazi_wa_Jukwaa
Mstahamilivu, nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe. Baleski ilizaliwa na maneno. Hata jina lina asili katika neno la Kiitaliano *burla*, yaani mzaha, kwa hivyo hao Waitaliano wa Malindi wana haki ya kucheka! Lydia Thompson, Mwingereza, alipofika New York na kundi lake mwaka 1868, wanawake wale waliimba, wakachezea maneno, wakaigiza wanaume na kugeuza hadithi kubwa kuwa kichekesho. Kuvua nguo kulikuja kutawala baadaye. Na miaka ya 1930 Gypsy Rose Lee alisifika kwa ulimi wake: anapiga soga na watu, glavu inashuka taratibu, nao wanasahau kuhesabu alichokwisha kuvua. Maneno ndiyo yaliyowangojesha. Mwanangu, usitafute kichekesho cha kubandika juu ya ngoma. Tafuta sababu ya yule mwanamke wa jukwaani kuvua kila kitu, na aiseme.

Mwana_wa_Vugo (Lamu)
Shoga, mbona unayo leso? Vaa leso nne, moja juu ya nyingine. Unaifungua ya kwanza, unaitandaza watu waone, unasoma jina lake: "Nilijua mtasema." Kisha unaijibu kama jirani aliyekuja kugombana nawe. Ya pili: "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Unamtazama bwana mmoja pale mbele, unanyamaza. Usikimbilie kuendelea, acha wacheke waishe. Ya mwisho iwe "Japo sipati tamaa sikati," na hiyo ndiyo uiimbe.

Lugha isikutishe. Sema kwa Kiswahili, kisha wageukie Waitaliano uwape sentensi moja fupi ya kwao. Wale wa kwanza watacheka mara ya pili kwa kuona wenzao wamechelewa.

Ombi moja tu. Sisi kwenye vugo, ngoma yetu ya arusi, wanawake wenyewe kwa wenyewe na pembe zetu, tunaimbana mafumbo mazito. Hayo yaache arusini. Tunga yako.

Manyoya_ya_Mbuni
Mwana wa Vugo, nimesoma nikasimama! Nimekwenda kwa mama kuazima leso, tumejaribu sebuleni, akacheka hadi akakaa chini. Jumamosi naanza na mbili, nikiwa kwenye stuli, wimbo kabla ya ngoma. Ila fundo la leso ya chini linakaza, sitaki kuhangaika nalo mbele ya watu.

Mwana_wa_Vugo
Usifunge fundo. Ikunje kifuani kama unayetoka kuoga, ncha uisokote ndani. Ukivuta pumzi ya kuimba itaanza kulegea yenyewe, wewe jifanye hujaona.